Maji Yamelala Wapi Leo?

Mtu aliye ndani ya mtaro hauoni mtaro. Anaona ukuta wa udongo kulia, ukuta wa udongo kushoto, na mgongo wa mwenzake mbele. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi ya maji vijijini, na hilo ndilo ningependa mlijue mapema, hata kabla hamjazoea kushika spana. Mimi nilikuwa nimeshafanya kazi zaidi ya miaka ishirini ndipo nikalijua, na nililijua kwa aibu.

Jina langu ni Tumpe. Nimelaza mabomba katika milima ya Rungwe tangu nikiwa msichana mwembamba hadi nilipostaafu nikiwa na magoti yanayotabiri mvua kuliko redio. Kazi yetu kubwa ilikuwa maji ya mserereko, yaani maji yanayoteremka yenyewe kutoka chemchemi iliyo juu hadi kijijini, bila mashine wala dizeli. Ukisikia hivyo unaona ni kazi rahisi. Lakini njia ya kuteremkia lazima ichimbwe, na inachimbwa kwa jembe na sururu, na wachimbaji hawalipwi mshahara. Ni wanakijiji wenyewe, watu wenye migomba ya kupalilia, ng'ombe wa kukatia majani na chai ya kuchuma. Kumfundisha mtu kuchimba ni kazi ya nusu saa. Kumfanya arudi kesho, na kesho kutwa, na mwezi ujao, hapo ndipo fundi anapojulikana.

Aliyenifundisha ni Mzee Ambakisye, mtu mfupi, mkali, aliyevaa koti la mvua hata siku ya jua kwa sababu hakuiamini anga ya kwetu. Mwaka wangu wa kwanza alinipeleka upande wa Isongole, kwenye bomba ambalo maji yaligoma kufika. Nilidhani limepasuka. Nikafukua siku mbili, kando ya mashamba ya viazi ya watu, nikitafuta tope. Sikuona hata tone. Siku ya tatu akaja, akatembea taratibu juu ya njia ya bomba, mikono nyuma, mpaka kwenye kituta kimoja. Akasema, "Fukua hapa." Nikafukua. Akalegeza kiungo kidogo tu, na bomba likapuliza hewa kama nyoka aliyekanyagwa. Ilipokwisha, maji yakaja.

"Ulikuwa unatafuta mahali maji yanapopotea," akaniambia. "Hakuna kilichopotea. Kuna hewa imekaa mahali pa juu, imeyazuia. Sasa fukia ulikofukua kote, na uwaombe radhi wenye viazi."

Niliwaomba radhi wenye viazi. Mmoja alinisamehe, mwingine alinipa jembe nimpandie upya. Hiyo nayo ni sehemu ya mafunzo.

Sasa nije kwenye mtaro wenyewe. Kijiji kilikuwa upande wa Masoko, sitakitaja jina kwa sababu watu wake wengi wako hai na bado wananiletea ndizi. Maji yao yalikuwa bondeni, chini kabisa, kwenye njia inayoteleza ambayo mama akipanda na ndoo kichwani hawezi hata kukusalimia. Chemchemi nzuri ilikuwa juu, ndani ya msitu wa mianzi, zaidi ya hatua elfu nne kutoka mahali pa kujenga tangi. Tangi lilipangwa kukaa mwisho wa kijiji, kwenye kilima kidogo karibu na zahanati. Watu waliniuliza maji yatapandaje kilima. Niliwaeleza hivi: chukua kipande cha bomba la mpira, kijaze maji, shika ncha moja juu na nyingine chini. Maji ya chini yatapanda yakitafuta kulingana na yale ya juu. Maadamu chemchemi iko juu kuliko tangi, kilima kilicho katikati hakiyatishi. Waelezeni watu namna hiyo, kwa kuwaonyesha. Msiwaambie neno "presha" halafu mkaondoka.

Mwenye eneo la tangi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja aliyeitwa Atupele. Alikuwa na nyonga mbovu iliyoumia kwenye ile njia ya bondeni. Alikubali tukate mibuni yake yote ya kilimani, kahawa iliyokuwa inazaa, ili tangi lipate nafasi. Mumewe alikuwa amefariki na mibuni hiyo waliipanda wote wawili. Alituangalia tukikata, akasema tu, "Msiache visiki, vitapasua sakafu yenu." Tangi likajengwa kwanza, la saruji, zuri, tupu.

Mabomba yalikuja baadaye, mabunda makubwa meusi yaliyoviringwa, yakawekwa uwanja wa shule. Ofisini nikaambiwa kwa maneno yaliyonyooka: mtaro uwe umekamilika kabla ya mvua kubwa. Usipokamilika, mabomba yatapakiwa na kupelekwa kijiji kingine ambacho mtaro wao uko tayari. Nilimweleza Mama Atupele. Akauliza, "Na tangi je?" Nikasema, "Tangi halipakiki, mama." Hakucheka.

Hapo ndipo makosa mawili yalipoingia, moja la kijiji na moja langu.

Kosa la kijiji lilikuwa la adabu. Kila familia ilipewa kipande chake, na kila mtu akaanza mbele ya nyumba yake, maana ni aibu mgeni apite akute kwako hapajaguswa. Wiki tatu za kwanza watu walichimba kwa mashindano. Watu walinyoosha kingo kwa panga kama wanaotengeneza keki. Mtaro ukaenda vizuri kutoka kilimani kwa Mama Atupele hadi nyumba ya mwisho ya juu. Halafu ukasimama. Kutoka nyumba ile hadi chemchemi kulikuwa na mianzi, mizizi na mawe, na hakuna nyumba ya mtu. Sehemu isiyo mbele ya nyumba ya mtu ni ya nani? Kila mmoja alisema, "Sisi kwetu tumemaliza."

Kosa langu lilikuwa la kujiona mwerevu. Nilichonga vigingi, nikavipanga kutoka nyumba ya mwisho hadi juu msituni, na kwenye kila kigingi nikaandika kwa rangi nyekundu hatua zilizobaki mpaka kwenye chemchemi. Mwandiko wangu ni mzuri, nilikuwa najivunia. Kigingi cha kwanza: BADO 1,300. Kinachofuata: BADO 1,280. Nilifikiri mtu akiona namba inapungua atapata nguvu.

Siku ya kwanza walikuja watu arobaini. Walichimba asubuhi yote kwenye mizizi, wakafika katikati ya kigingi cha kwanza na cha pili. Akapita mtu anaitwa Asajile, bingwa wa maneno, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya kwaya. Akasimama mbele ya kigingi, akavua kofia, akasoma kwa sauti kama anasoma somo kanisani: "Bado elfu moja mia mbili na themanini." Akavaa kofia. "Jamani, nilikuwa sijachoka mpaka niliposoma."

Watu wakacheka. Kesho yake walikuja ishirini. Wiki iliyofuata walikuja sita, na vigingi vikaanza kutoweka. Sikuelewa, mpaka nilipopita nyumba moja nikaona jikoni, chini ya sufuria ya mbalaga, ndizi zetu za kupika, kipande cha mti chenye rangi nyekundu kikiwaka. Niliona mwisho wa neno tu. Mama wa nyumba akafuata macho yangu, akasema bila kutahayari, "Ndaga, asante, mama fundi. Kile chenye namba kubwa kilikuwa kikavu."

Namba zangu zilikuwa sahihi. Nilizipima mwenyewe. Lakini zilikuwa zinamwambia mtu aliyeinama tangu asubuhi kile ambacho hajafanya, na zilimwambia kila akiinua kichwa. Siku hizi nawaona mnavyotembea na simu inayowaambia kazi imefika asilimia ngapi. Ni kitu kizuri kwa taarifa ya ofisini. Msiwasomee wachimbaji.

Niliposhindwa, nilifanya ambalo ningewashauri mfanye: nilikwenda kuuliza. Mzee Ambakisye alikuwa ameshastaafu, anaishi Kawetele. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe, koti la mvua mwilini.

"Mugonile, tata," nikamwamkia kwa Kinyakyusa, yaani umelalaje, baba.

"Tumpe. Umekonda. Mtaro unakutafuna?"

Nikamweleza yote: wanakijiji wavivu, msitu mgumu, mvua inakuja. Alisikiliza huku anafunga mzigo wa majani. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Mabomba yako wapi?"

"Shuleni."

"Yanafanya nini shuleni? Yanasoma?"

"Tata, tunasubiri mtaro ukamilike ndipo tulaze. Ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe."

"Nilikufundisha pale penye watu wanaolipwa. Anayelipwa anajua Ijumaa atapata nini. Hawa wako watapata nini Ijumaa?" Akaniwekea mzigo wa majani mikononi ili nimsaidie kubeba. "Anzia juu. Chimba kidogo, laza bomba, fukia, fungulia maji. Kesho tena. Maji yatembee nao."

"Tope litaingia kwenye bomba."

"Litaingia ukiwa mzembe. Chonga vizibo."

Hakunipa hata chai, alikuwa na haraka ya kukamua. Nikapanda bodaboda kurudi, nimekasirika kidogo, maana nilitaka pole na nimepewa kazi. Tulipofika kwenye mgongo wa mlima unaokitazama kile kijiji kutoka ng'ambo ya bonde, tairi likatoboka. Kijana wa bodaboda akaanza kuhangaika na pampu. Mimi nikakaa kwenye jiwe, nikainua macho.

Niliuona mtaro. Miezi miwili nilikuwa nimetembea kando yake kila siku na sikuwahi kuuona. Mstari wa udongo mwekundu ulipita katikati ya migomba, ukazunguka kilima, ukapotea nyuma ya kanisa, ukatokea tena, ukapanda hadi nyumba ya mwisho. Ulikuwa mrefu! Na pale ulipoishia, kulikuwa na weusi wa mianzi, kipande kidogo, halafu ule mkunjo wa mlima ambako chemchemi inatoka. Kipande kile kilichotushinda, ambacho ndani yake kilikuwa kama nusu ya dunia, kutoka kule kilikuwa kama sehemu ya shati isiyofuliwa vizuri.

Jumapili baada ya ibada nikamwomba Mama Atupele atangaze kwamba nawaalika watu ng'ambo. Minong'ono ikaanza.

"Tukatazame nini, udongo?"

"Udongo tunaujua, uko kwenye kucha."

Lakini walikuja, labda thelathini hivi, na nguo zao za kanisani, wengine kwa sababu tu Mama Atupele na nyonga yake alikuwa ametangulia na walishindwa kubaki nyuma. Tulipofika kwenye lile jiwe, wakageuka kutazama. Halafu wakaanza wote kwa pamoja.

"Ile pale kwangu! Pale palipo na bati jipya!"

"Kwako ndiko kulikopinda. Tazama, kama mkia wa nguruwe."

"Nilikwepa kaburi la babu, wewe. Ulitaka nimlaze babu na bomba?"

"Na huo mstari mwembamba ni wa nani? Haukuchimbwa, ulikunwa."

"Ni wa Asajile!"

"Mimi nilichimba kwa akili," Asajile akajitetea. "Udongo niliurudisha vizuri, ndiyo maana hauonekani."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Atupele peke yake alibaki amesimama. Alinyoosha mkono mbele ya jicho, akafumba lingine, akaweka kidole juu ya kile kipande cha mianzi. Kikafunikwa chote. Akaondoa kidole, akakirudisha. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama fundi, ndiyo hicho tu?"

"Ndiyo hicho tu, mama. Ukiwa ndani ni kigumu, sikudanganyi. Lakini ndiyo hicho."

Nataka mwelewe vizuri hapa, maana ni rahisi kuelewa vibaya. Mlima haukuwa umepungua. Mawe yalikuwa yaleyale na mizizi ileile. Sikuwapa watu matumaini ya bure. Mtu mzima ukimpa matumaini ya bure anakujua siku hiyohiyo. Walichopata kule ng'ambo ni kuiona kazi yao yote, na sehemu iliyobaki wakaiona ikiwa na ukubwa wake wa kweli kando ya kazi waliyokwisha kuifanya. Kabla ya hapo walikuwa wanapewa mabaki peke yake, kwa rangi nyekundu.

Ofisini nilipiga simu kuomba kulaza kidogo kidogo kuanzia juu. Mkubwa wangu akasema, "Sawa. Likiziba ni lako." Nikachonga vizibo sita vya mti laini, nikavitia kwenye mfuko wa koti.

Kupandisha mabomba msituni ilikuwa kazi ya siku nzima. Bunda tuliliachia likafunguka, watu wakapanga mstari, kila mmoja bomba begani, na likapanda mlima kama jongoo mwenye miguu ya watu. Tulijenga kidakio kwenye chemchemi, ukuta mdogo wa mawe na saruji, na kutoka hapo tukaanza kushuka. Kina ni mpaka kiunoni mwa mtu mzima, hilo msipunguze hata mkiombwa kwa machozi, kwa sababu bomba lililolala juu juu hukatwa na jembe la kwanza la msimu. Unachimba, unaokota mawe yote ya sakafuni, unamwaga udongo laini, unalaza bomba, unafukia kwa udongo laini tena ndipo udongo wa kawaida. Jioni, kabla hatujaondoka, nafungulia. Maji yanatoka kwenye mdomo wa bomba, pale hasa tulipoishia. Watu wananawa miguu, wanaosha majembe, wanakunywa. Kisha natia kizibo, tunakwenda nyumbani.

Siku ya kwanza tulisogea hatua kumi na nane. Mtu mmoja alizijua, mimi, na sikumwambia mwenzangu. Kesho yake asubuhi nikiwa njiani kupanda, nikasikia mama mmoja akimuuliza jirani yake ng'ambo ya ua: "Maji yamelala wapi leo?"

"Kwenye mwanzi uliovunjika."

Ndivyo lilivyoanza. Hakuna aliyelipanga. Kwetu tukiamkiana tunaulizana usingizi, basi na maji yakaulizwa. Baada ya wiki moja kijiji kizima kilikuwa kinasema hivyo. Maji yamelala kwenye jiwe la nyani. Yamelala kwa mizizi mitatu. Asiyejua yamelala wapi ilijulikana hakuja kazini, na aliona haya. Mchungaji aliuliza Jumapili kabla ya matangazo.

Sitaki kuipamba hadithi. Kulikuwa na siku moja maji hayakutoka kabisa. Nikapima, nikagonga, nikatembea njia yote kama nilivyofundishwa, nikitafuta hewa. Haikuwa hewa. Jana yake jioni nilikuwa na homa, nikaondoka mapema na kizibo kikiwa mfukoni mwangu. Tulipofungua kiungo, akatoka chura, mkubwa, ananitazama. Watu wakanigeukia.

Asajile akasema, "Mwacheni. Naye alikuwa anatafuta maji."

Nusu siku ilipotea kwa ajili ya uzembe wangu, nikawaomba radhi. Fundi akikosea aseme. Ukificha, wataficha na wao, na utakuja kukuta kina cha mtaro kimeishia magotini.

Shida kubwa ilikuwa mwamba. Karibu na mwisho wa mianzi tulikuta jiwe moja refu limelala kukata njia. Kulizunguka kungeleta kituta, na kituta huleta hewa. Ikabidi tulivunje kwa moto na maji: unawasha kuni juu yake mpaka lipate joto sana, unamwagia maji ya baridi, linapasuka ganda, unaliondoa, unawasha tena. Siku ya nne maji yamelala jiweni. Siku ya tano, jiweni. Siku ya saba mtu akiulizwa yamelala wapi anajibu kwa kuguna. Watu wakaanza kupungua, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani tangu mchana.

Nilifikiria kuwapeleka tena ng'ambo. Lakini ujanja uleule hautumiki mara mbili, na niliishiwa. Asiyeishiwa alikuwa Mama Atupele. Asubuhi ya siku ya nane tulimkuta jiweni, amefika kabla yetu, na ndoo mbili na beseni la nguo.

"Mama mwenyekiti, umekuja kuhama?" Asajile akamuuliza.

"Nimekuja kuchota. Kutoka kwangu kuja hapa ni mbali kuliko bondeni, lakini kurudi ni mteremko na njia ni kavu. Na maji ni safi. Fungulia, mama fundi."

"Bado hayajafika, mama," kijana mmoja akamwambia.

"Hayajafika kwangu. Hapa yamefika. Mimi nifue kwa maji yapi, ya mwezi ujao?"

Nikafungulia. Akafua. Kesho yake walikuja akina mama kumi na mbili. Wanaume wakawa wanapasua jiwe huku nyuma yao kuna sauti, vicheko, na maoni ambayo hayakuombwa kuhusu mikono yao. "Tata, hilo nalo ni pigo au unalipapasa?" Sijawahi kuona jiwe likipigwa kwa bidii namna ile. Siku ya kumi na moja likakatika.

Kutoka hapo ilikuwa mteremko. Tukatoka mianzini, tukaikuta nyumba ya mwisho ya juu, na kutoka pale mtaro ulikuwa tayari umechimbwa, tulisafisha udongo ulioporomoka tu na kulaza. Kila siku maji yalilala kwa mtu mwenye jina. Nilihofu kwamba wale ambao bomba limeshapita kwao wataacha kuja. Wengine waliacha, ndiyo. Lakini wengi waliendelea, na nadhani ni kwa sababu walikuwa wamezoea kuijua habari, na habari ilikuwa inashuka.

Mvua ikaanza tukiwa tumefika usawa wa kanisa. Siku ya pili ya mvua, mchana, tukiwa kwenye tope hadi kwenye vifundo, tukasikia gari. Lori lilipita taratibu likateleza hadi uwanja wa shule, likasimama. Mimi na Mama Atupele tukaenda. Dereva alikuwa na karatasi.

"Nimetumwa kupakia mabomba," akasema. "Huku mtaro haujakamilika, yanakwenda kijiji kingine." Nikaisoma karatasi. Ilikuwa imeandikwa zamani kidogo, kabla ya jiwe. Waliomtuma hawakuwa na habari kwamba tumefika wapi, nami ni kweli nilikuwa sijapeleka taarifa kwa wiki tatu.

Dereva akatazama uwanja. Kulikuwa na mabunda mawili tu, na mbuzi amelala juu ya moja.

"Mengine yako wapi?"

"Ardhini," Mama Atupele akasema.

"Yote?"

"Yote isipokuwa hayo. Ukiyataka, jembe lipo. Utaanzia msituni."

Asajile alikuwa ametufuata, tope mpaka usoni. "Kaka, kama hutaki kurudi bure tukupakilie udongo. Tunao mwingi."

Dereva akacheka, akaniuliza kama anaweza kupiga simu ofisini. Mtandao ukawa unakatika kwa mvua. Aliongea muda mrefu chini ya paa la darasa, anasema "ndiyo, mkubwa", "hapana, mkubwa", "yamefukiwa, mkubwa". Sote tulisimama pale. Mama Atupele hakutazama lori. Alitazama yale mabunda mawili, maana hayo mawili ndiyo yaliyokuwa yanatosha kufika kilimani kwake, na hayo bado yangeweza kupakiwa. Nilijua anafikiria nini. Bomba likiishia kanisani, kijiji kinapata maji na yeye anabaki na tangi kavu pale palipokuwa na kahawa yake.

Dereva akarudi akifuta simu kwa shati. Akasema, "Wanasema mabunda mawili hayamfikishi mtu popote. Nirudi." Akamtazama mama yule, labda aliona kitu usoni. "Lakini kama mnayapeleka kule juu, ninaweza kuyabeba mpaka gari litakapokwama."

Lilikwama nusu ya njia. Tukalisukuma, tukayashusha mabunda, tukayaviringisha wenyewe hadi kilimani, na dereva akiwa mmoja wa waviringishaji.

Siku tisa baadaye nikafunga kiungo cha mwisho kwenye ukuta wa tangi na kufungulia. Kwanza ilikuja hewa, inakohoa. Kisha maji ya kahawia. Watu wakataka kukinga, nikawazuia, yatoke machafu kwanza. Kisha yakaanza kuwa meupe. Mama Atupele aliingiza mkono ndani ya tangi, akauacha humo mpaka kwenye kiwiko, mvua ikimnyeshea mgongoni, na watu wakapiga vigelegele mpaka wauguzi wakatoka zahanati kuuliza kuna nini.

Halafu akautoa mkono, akaufuta kwa kitenge. "Ndaga fijo, mama fundi," akaniambia, ahsante sana. "Sasa mnisamehe, nimeacha maharage motoni." Akashuka kilima taratibu, mikono mitupu, nyonga ileile, akitazama anapokanyaga.